Muumini na Mkanamungu Katika Grupu Moja: Mwongozo Kamili wa Kujadiliana kwa Heshima Mtandaoni, Uganda

Ukifungua WhatsApp asubuhi hapa Uganda, kitu cha kwanza kukupokea huwa ni dua, aya au mstari wa Biblia. Grupu la ukoo, la SACCO, la wazazi wa shule, la madereva wa boda: mengi huanza siku kwa kumtaja Mungu. Ndani ya magrupu hayo hayo, siku hizi yumo kijana mmoja au wawili wasioamini tena, na kwa kawaida wamenyamaza. Siku wakifungua mdomo, mambo huharibika haraka. Huyu anaitwa shetani, yule anaitwa mjinga, admini anamtoa mtu, na kwenye harusi inayofuata ndugu wawili hawasalimiani.

Mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba magomvi mengi ya aina hii hayasababishwi na swali la Mungu yupo au hayupo. Yanasababishwa na kila mtu kumjibu mtu ambaye hayumo kwenye mazungumzo. Muumini anamjibu mkanamungu aliyesimuliwa mimbarini. Mkanamungu anamjibu mchungaji wa televisheni anayeuza maji ya baraka. Wale wawili walioshika simu hawajasikilizana hata kidogo. Karibu kila hatua hapa chini inatibu ugonjwa huo mmoja.

Hatua ya 1: Jua uzito haulingani

Katika sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa kama asilimia 39 ya wananchi, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14 na Wapentekoste 11. Waliosema hawana dini walikuwa kama asilimia 0.2. Kaulimbiu ya taifa ni "Kwa Mungu na Nchi Yangu", na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu aitegemeze Uganda. Wakati huohuo Katiba ya 1995, ibara ya 7, inasema nchi haitakuwa na dini ya serikali, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na imani. Kisheria, asiyeamini ana haki ile ile aliyonayo shehe na askofu.

Mitaani ni habari nyingine. Muumini akishindwa kwenye mjadala mtandaoni, anaumia moyo kisha anakwenda kulala. Asiyeamini akijulikana, anaweza kupoteza karo inayolipwa na mfadhili wa kanisa, uchumba, au chumba alichopangishwa na mjomba wake. Wapo vijana wanaosimama kwenye swala au misa kila wiki kwa sababu hawana pengine pa kula.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo mimi naiweka juu ya nyingine zote: usimfichue mtu. Usipige skrinshoti ya maneno aliyokuambia inboksi ukaipeleka kwenye grupu la familia. Usiulize mbele za watu, "Wewe mbona hatukuoni msikitini siku hizi?" Usimtaje jina hata kama unamtetea. Mtu mwenyewe ndiye atakayechagua siku ya kusema na watu wa kuwaambia. Ukivunja kanuni hii, upole mwingine wote utakaouonyesha hautamsaidia kitu.

Hatari ipo kwa muumini pia, ila kwingine. Katika kurasa za vijana wa chuo kwenye X, binti mlokole anayeandika kuhusu imani yake anaweza kuchekwa siku nzima na watu mia. Kabla ya kuandika, jiulize hapa ulipo nani ndiye mchache. Huyo ndiye anayehitaji uangalifu zaidi.

Kuna na sheria. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yaliyafanya kosa maneno ya mtandaoni yanayodhihaki au kudunisha watu kwa misingi ya dini. Yamepingwa mahakamani, lakini hutaki jina lako ndilo litumike kuyajaribu. Sheria ya Adhabu nayo ina kosa la kuumiza kwa makusudi hisia za kidini za mtu. Kukosoa fundisho ni jambo moja, kumtukana mwenye kulishika ni jingine. Jizoeze kuandika lile la kwanza tu.

Hatua ya 2: Chagua mahali na saa

Tangu Facebook ifungwe Januari 2021, wengi huingia huko kwa VPN, na mazungumzo mengi yamehamia WhatsApp, X na TikTok. Kila pahali pana tabia yake. TikTok hupenda kelele. Usitarajie kueleweka kwenye komenti za video ya watu elfu kumi. Grupu la ukoo lina wazee wanaosoma kimya bila kujibu, na wote wanakumbuka. Inboksi ndiyo sebule: hapo mtu anaweza kubadili kauli bila kuaibika.

Saa nayo ina heshima yake. Msiba ukiwa umetangazwa kwenye grupu, hakuna mjadala wa ahera, hata kama mtu ameandika jambo usilokubaliana nalo. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji waliotembea kwa miguu siku nyingi wakiwa Namugongo, si siku ya kuuliza pesa za hija hiyo zingejenga zahanati ngapi. Swali lenyewe ni halali. Liulize wiki ya pili, litajibiwa. Na usimwandikie Mwislamu hoja ndefu saa kumi na mbili jioni ya Ramadhani ukingoja akujibu papo hapo.

Hatua ya 3: Rudia alichosema kabla ya kukijibu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, basi nitakaa kidogo.

Mtaalamu wa hisabati na saikolojia Anatol Rapoport alifundisha kwamba kabla ya kumpinga mtu, kwanza eleza msimamo wake vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe akiri umemwelewa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jaribu leo: muumini aeleze kwa nini rafiki yake haamini, bila kutumia maneno "kiburi", "dhambi" au "kuasi". Asiyeamini aeleze kwa nini mama yake anaamini, bila kutumia "woga", "ujinga" au "kudanganywa". Wengi hukwama kwenye sentensi ya pili.

Chukua mfano huu. Grupu la ukoo, familia ya Busia. Shangazi anaandika alfajiri:

"Mungu ni mwema. Mtoto alikuwa anaweweseka kwa homa, tumekesha tukiomba, leo anakunywa uji. Asiyeamini na aje aone."

Mpwa wake aliye chuoni Kampala anajibu:

"Shangazi, ni Coartem iliyomponya. Daktari mmemsahau, sifa zote mnampa Mungu."

Coartem ni dawa ya malaria, na kuhusu hilo kijana yuko sahihi. Lakini amemjibu mtu aliyekataa dawa, na Shangazi hakusema amekataa dawa. Pia amemjibu mtu ambaye hajalala usiku kucha kana kwamba yuko kwenye mdahalo wa shule. Sasa mume wa Shangazi ataingia, mchungaji ataitwa, na mtoto mgonjwa amesahaulika.

Angeweza kuandika hivi kwenye grupu:

"Shangazi, nimefurahi sana kusikia anakunywa uji. Poleni kwa kukesha. Dozi ya siku tatu amemaliza? Asiikatize hata akionekana mzima."

Kisha, siku nyingine, inboksi:

"Shangazi, ulipoandika asiyeamini aje aone, niliguswa, maana mimi nina maswali siku hizi. Naomba nikuulize bila kukukosea adabu: unaposema Mungu amemponya, dawa unaiweka wapi?"

Shangazi akiulizwa hivyo, huenda akajibu: "Mwanangu, dawa nilimpa kwa mkono wangu. Lakini usiku ule alikuwa anaitapika, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwita."

Sasa mpwa anajua mengi. Shangazi hapingani na daktari. Anazungumzia saa ile ya upweke na nani alikuwa naye. Mpwa anaweza bado kuamini kwamba hapakuwa na mtu akisikiliza, na anaweza kulisema hilo kwa upole akiulizwa. Lakini hatampiga tena somo la vimelea vya malaria, kwa sababu halikuwa swali.

Upande wa pili nao una kazi. Mpwa akisema haamini tena, jibu linalokuja mbiombio ni, "Ndiyo hiyo shule yenu imekuharibu," au "Hayo ni mapepo." Yote mawili yanafunga mlango. Uliza: "Ilianza lini? Ni jambo gani hasa hukubaliani nalo?" Halafu, nawaomba sana wazazi na viongozi wa dini, msikilize jibu bila kulitafutia kidonda. Wapo walioacha imani kwa sababu kiongozi aliwaumiza. Wapo pia waliosoma, wakafikiri, wakafika hapo bila kuumizwa na yeyote. Ukimwambia mtu wa aina ya pili kwamba "ana uchungu moyoni", atajua hukumsikiliza.

Katika kurudia alichosema, mtajikuta mmegundua mnazungumza kuhusu nini. Kuna swali la kuwepo kwa Mungu. Kuna swali la kitabu, kama kinasema kweli au kimefasiriwa sawasawa. Kuna swali la viongozi na sadaka. Kuna swali la yaliyompata mtu maishani. Mtu akilalamika kwamba mchungaji amenunua gari la kifahari kwa zaka, ukamjibu kwa uthibitisho wa muumba wa mbingu, umehama uwanja. Hata Mkatoliki mwaminifu anaweza kuwa na lalamiko lile lile.

Hatua ya 4: Mwite anavyojiita

Hii ni fupi. "Kafiri", "mpagani", "wakala wa shetani" kwa upande mmoja. "Kondoo", "mbumbumbu wa dini" kwa upande mwingine: yaache. Wengine hawapendi hata "mkanamungu", hupendelea "sina dini" au "mimi sijui, bado natafuta". Uliza, kisha tumia hilo. Na heshima za umri zinabaki pale pale. Shangazi ni Shangazi, Mzee ni Mzee, Hajati ni Hajati, hata kama hoja yake umeikataa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana anayeandika "wewe mama" kwa sababu ana hoja nzuri amekwisha kuipoteza.

Hatua ya 5: Historia isome yote kabla ya kuirusha

Mijadala yetu ina silaha tatu za historia, na zote hurushwa zikiwa nusu.

Ya kwanza: "Dini ni mali ya mkoloni." Waislamu walifika Buganda kupitia wafanyabiashara enzi za Kabaka, yaani mfalme, Suna wa Pili, mwaka 1844 ukitajwa kuwa mwanzo wake. Waanglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879. Uingereza ilitangaza himaya yake 1894. Kufikia hapo vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walikuwa wameshachomwa Namugongo, Juni 1886, kwa imani waliyoichagua wenyewe. Anayesema dini ililetwa na serikali ya kikoloni ana kazi ya kuwaeleza hao. Lakini muumini naye asikimbie: katika vita vya Mengo, Januari 1892, Kapteni Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, aliegemea upande wa Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki, na bunduki yake ya Maxim ilitumika. Ukweli una sehemu zote mbili. Ukikiri ile isiyokupendeza kabla hujaulizwa, mwenzako ataanza kukusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Ya pili: Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi, na maiti nyingine zikafukuliwa baadaye katika nyumba za kundi hilo. Kuna familia Uganda ambazo bado zina majina ya kuwalilia. Anayetupa neno "Kanungu" kwenye komenti ili kumnyamazisha mlokole anayeimba kwaya Jumapili anawatumia wafu hao vibaya. Ukitaka kulijadili, uliza swali lenye faida: watu wanatambuaje kiongozi anayewatenga na ndugu zao na kuwauzisha mali? Hilo muumini na asiyeamini wanaweza kulijibu pamoja, na jibu lake linaweza kumwokoa mtu.

Ya tatu huja kutoka upande wa waumini: "Ninyi msioamini mmejenga nini?" Ni kweli kwamba hospitali ya Mengo, ya Nsambya na ya Lacor zilianzishwa na watu wa kanisa, na asiyeamini aliyetibiwa humo anapaswa kulisema bila kubanwa. Lakini Kasese ipo shule ya msingi iliyoanzishwa 2011 na watu wa falsafa ya utu, wasiofundisha kwa msingi wa dini, na Masaka ipo sekondari ya namna hiyo yenye jina la Isaac Newton. Watoto wa waumini wanasoma humo.

Nikifikiria mabishano ya leo, huwa nakumbuka baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza. Aliwakalisha Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki, akawaacha wabishane mbele yake. Waliongea sana, ila kila mmoja alikuwa akilisemesha sikio la Kabaka. Miaka michache baada ya Mutesa kufa mwaka 1884, makundi yale yale yalishika bunduki. Kwenye grupu la watu 200 Kabaka ni wale wasomaji kimya, na kishawishi ni kile kile: kusema kwa ajili ya wanaotazama. Ukijikuta unatafuta sentensi itakayopigiwa emoji za kicheko, futa. Hamia inboksi.

Hatua ya 6: Sentensi nne za kuangalia

"Nitakuombea." Kwa mtu aliyefiwa au anayeumwa, hii ni zawadi, na asiyeamini ajifunze kuipokea kwa "asante" bila kusahihisha. Ikiwa mwisho wa hoja uliyoshindwa kuijibu, ni mlango uliobamizwa. Ombea kimya kama ni lazima. Hakuna kitabu kinachotaka utangaze.

"Kama hakuna Mungu, kwa nini usiue na kuiba?" Muulizaji mara nyingi anataka kujua kweli, lakini mwulizwaji anasikia akiitwa muuaji. Geuza: "Wewe unapoamua hili ni jema na lile ni baya, unaanzia wapi?" Utapata jibu refu, pengine kuhusu bibi aliyemlea.

"Nionyeshe ushahidi." Ni ombi la haki kwa dai linaloweza kupimwa: mtu aliyefufuka kwenye video, VVU vilivyokwisha kwa maombi. Hapo simama imara, tena kwa sauti, kwa sababu mtu akiacha dawa za kupunguza makali anaweza kufa. Waumini wengi watasimama nawe ukiliweka hivyo. Lakini mtu akikuambia anapata amani anaposwali alfajiri, hajakuletea dai la maabara. Mwulize amani hiyo ikoje.

"Utajua siku ya mwisho." Hiki ni kitisho, hata kikiandikwa kwa upendo. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka waumini wajibu wanaoulizia tumaini lao kwa upole, na Sura ya An-Nahl, aya ya 125, inataka kujadiliana kwa namna iliyo bora. Muumini anayetisha anakwenda kinyume na kitabu chake mwenyewe.

Hatua ya 7: Kama wewe ndiye admini

Weka kanuni mapema, kabla ya ugomvi, na ziwe chache: hakuna skrinshoti kutoka nje, hakuna kumtaja mtu imani yake asiyoitangaza, hakuna kusambaza video ya muujiza au ya kashfa ya kiongozi bila kujua imetoka wapi. Kanuni ziwabane wote. Ukiruhusu mahubiri ya dakika ishirini ya ujumbe wa sauti, huwezi kumfukuza aliyeuliza swali juu ya mahubiri hayo. Kama grupu ni la SACCO, la haki ni kuyapeleka yote mawili kwingine, maana watu walijiunga kwa ajili ya akiba zao. Mambo yakichemka, funga grupu admini peke yao waandike hadi kesho yake. Kumtoa mtu kuwe mwisho kabisa, na umwandikie sababu yeye mwenyewe.

Hatua ya 8: Kuondoka

Si lazima mjadala uishe kwa mmoja kubadilika. Sema wazi umefikia wapi: "Hapa tumekubaliana, pale bado, naomba tupumzike." Usitoweke tu, maana kimya cha ghafla husomwa kama dharau. Baada ya siku chache mtumie ujumbe wa jambo jingine kabisa, bei ya mahindi au mtoto aliyeanza shule, ili ajue yeye bado ni mtu kwako.

Kama ulimkosea mbele ya grupu, omba radhi mbele ya grupu lile lile, ukitaja neno ulilosema. Radhi ya inboksi kwa tusi la hadharani haitoshi.

Vitisho vya kupigwa, kufukuzwa nyumbani au kuchomewa duka ni kitu kingine, na hapo usijibu hoja yoyote. Hifadhi ujumbe pamoja na tarehe na namba ya aliyetuma, mzuie, mwambie mtu mzima unayemwamini, kisha upeleke kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au kituo cha polisi kilicho karibu. Ukiwa shahidi wa kitisho hicho kwenye grupu, wewe pia hifadhi, hata kama anayetishwa ni yule uliyekuwa ukibishana naye.